Sitaha Iliyooza Haifunikwi, Hufumuliwa

Kila msimu wa matengenezo, fukwe zetu kuanzia Lamu hadi Kilwa hujaa vyombo vilivyopandishwa mchangani. Mafundi hupiga kalafati, hukwangua chaza, hupaka deheni, na mwenye chombo husimama kando akifuatilia kila mshono chini ya mstari wa maji. Hapo hapuuzi kitu, kwa sababu anajua kwamba bahari ikiingia ngamani hakuna safari. Akipanda juu kwenye sitaha, umakini huo hupungua. Ubao ukilegea, hupigiliwa mwingine juu yake. Ukianza kubonyea mguu unapoukanyaga, hutandikwa kipande cha plaiwudi. Siku hizi wengi huona wamepata dawa ya kudumu: humwagia sitaha nzima faiba, hupaka rangi, na chombo hurudi majini kikiwa kama kipya. Msimamo wa makala haya ni kwamba matengenezo ya namna hiyo ni hasara kwa mwenye chombo na hatari kwa wanaosafiri naye. Sitaha iliyooza hufumuliwa mpaka mbao nzima zionekane, njia iliyopitisha maji huzibwa, ndipo mbao mpya huwekwa. Ukipunguza hatua yoyote kati ya hizo tatu, umelipia rangi tu.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Mbao haziozi kwa sababu ya uzee. Milango ya nakshi ya Mji Mkongwe wa Unguja na ile ya Lamu ina zaidi ya karne moja, na mingi ingali mizima. Kinachoozesha mbao ni kuvu, viumbe wa ukoo mmoja na uyoga, ambao hupenyeza nyuzi zao ndani ya ubao na kula kile kinachoupa nguvu. Kuvu anahitaji vitu vinne: chakula, hewa, joto na unyevu. Chakula ni ubao wenyewe. Hewa haizuiliki. Joto la pwani yetu linamfaa mwaka mzima, tofauti na nchi za baridi ambako majira ya theluji humlaza kwa miezi kadhaa. Kimebaki kimoja tu tunachoweza kukitawala, nacho ni unyevu. Ubao ambao maji yake hayafiki asilimia 20 ya uzito wake mkavu hauozi. Ukivuka kiwango hicho na kukaribia asilimia 30, kuvu anastawi. Kwa hiyo swali la kwanza mbele ya sitaha iliyooza si ubao gani tununue. Swali ni maji yaliingilia wapi, na kwa nini hayakutoka.

Na maji yenyewe si ya bahari. Hili ndilo jambo ambalo watu wengi hulielewa kinyume. Chumvi humzuia kuvu, na mbao zilizo chini ya maji husumbuliwa zaidi na wadudu wa baharini wanaozitoboa kuliko kuoza, ilhali mbao za juu, zisizoguswa na bahari ila kwa rasharasha, ndizo zinazooza. Adui wa sitaha ni mvua. Mafundi wa meli za mbao wa New England, Marekani, walilijua hilo mapema, wakawa wanajaza chumvi katika nafasi zilizo kati ya mbavu za meli ili maji yoyote yatakayopenya yageuke kuwa ya chumvi. Mabaharia wa zamani waliosha sitaha kila asubuhi kwa maji ya bahari, na pamoja na usafi, desturi hiyo ilizifanya mbao zivimbe zibanane na kuzikinga na kuvu. Mfano ulio wazi kuliko yote ni HMS Victory, meli ya kivita ya Uingereza iliyoshushwa majini mwaka 1765 na kupigana katika vita vya Trafalgar mwaka 1805. Tangu mwaka 1922 meli hiyo iko kwenye chelezo kavu mjini Portsmouth. Kwa karne nzima haijaelea baharini, lakini mbao zake zimeendelea kuoza, na mwaka 2022 ilianza kufanyiwa matengenezo makubwa yatakayochukua miaka mingi na kugharimu makumi ya mamilioni ya pauni. Mvua inayopenya kutoka juu ni miongoni mwa sababu kuu za kuoza huko.

Sasa tuangalie hali ya kwetu. Unguja hupata takriban milimita 1,600 za mvua kwa mwaka, na sehemu kubwa humwagika katika masika na vuli. Kabla ya masika huwa ni kaskazi, miezi ya jua kali na upepo mkavu. Mbao za sitaha hunywea katika miezi hiyo, mishono hufunguka, na pamba ya kalafati hulegea au hutoka. Masika yanapofika mwezi wa Machi, sitaha inayapokea maji ya mvua ikiwa imefunguka kila mahali. Maji hayo hupita katika mishono, hushuka kwenye matundu ya misumari, na zaidi ya yote huingia kwenye ncha za mbao, ambako mirija ya mti iliyokatwa huyanywa kwa kasi kubwa kuliko ubavu wa ubao. Ndiyo maana uozo hupatikana pale pale kila mara: kwenye shina la mlingoti, kuzunguka mlango wa ngama, chini ya vigingi vya kufungia kamba, pembeni ambako sitaha inakutana na ubavu wa chombo, na chini ya rundo la nyavu au turubai lisilosogezwa miezi mizima. Msumari wa chuma usio na kinga huzidisha tatizo, kwa kuwa kutu yake huulegeza ubao unaouzunguka na kuacha tundu pana zaidi la kupitishia maji.

Ukishaelewa njia hiyo ya maji, ni rahisi kuona kwa nini kufunika hakusaidii. Faiba hushika vizuri kwenye ubao mkavu, msafi na usiocheza. Sitaha iliyooza haina hata sifa moja kati ya hizo. Ubao ulioloa haukubali resini kushika. Mbao zilizopangwa moja moja huvimba na kunywea kila msimu huku chombo chenyewe kikijipinda kwenye mawimbi, na faiba iliyo juu haiwezi kufuata mwendo huo bila kupasuka. Ufa mwembamba kama unywele unatosha kupitisha mvua, lakini hautoshi kuyaacha maji yatoke. Hapo kuvu amepata anachokitaka: unyevu usiokauka, kivuli, na mwenye chombo asiyemwona. Plaiwudi iliyopigiliwa juu huleta matokeo yale yale kwa haraka zaidi, kwa kuwa maji hukaa kati ya tabaka mbili na kuzilisha zote. Waswahili husema mficha maradhi kifo humuumbua, na kwa sitaha iliyofunikwa msemo huo una ukweli wake kamili, maana kuvu huendelea kutoka kwenye ubao wa juu hadi kwenye boriti zilizoubeba, na kutoka kwenye boriti hadi zinapoungana na ubavu.

Kuutambua uozo mapema hakuhitaji mashine. Fundi mzuri hupita na nyundo akigonga sitaha kila baada ya shibiri: ubao mzima hujibu kwa sauti kali na fupi, uliooza hutoa sauti nzito iliyokufa. Panapotia shaka huchomeka ncha ya patasi au bisibisi kwa mlalo kidogo na kuunyanyua ubao. Mbao nzima hukataa, kisha hutoa kibanzi kirefu chenye nyuzi, kinachotoka kwa mlio wa kuchanika. Mbao iliyoshambuliwa hukatika palepale ilipochomwa, vipande vifupi vifupi, bila mlio na bila nyuzi, hata kama kwa macho inaonekana nzuri na rangi yake haijabanduka. Jaribio hilo ni la dakika moja, na uzuri wake ni kwamba hugundua ugonjwa kabla mguu haujazama. Ubao unapofika hatua ya kubonyea au kugawanyika vipande vya mraba vya rangi ya kahawia, kuvu amekuwamo muda mrefu na amekwisha kuenea mbali zaidi ya hapo panapoonekana.

Kwa sababu hiyo, kufumua hakuishii pale ubovu unapoishia kwa macho. Nyuzi za kuvu hutangulia mbele kufuata urefu wa ubao, na kanuni inayofuatwa na mafundi wengi wa vyombo vya mbao ni kukata sentimita 30 hadi 60 zaidi ya uozo wa mwisho unaoonekana. Baada ya mbao kutoka, boriti huchunguzwa moja moja, hasa upande wa juu uliofunikwa na mbao na ncha zinazokutana na ubavu. Boriti iliyoanza kuoza ikiachwa, mbao mpya zitaambukizwa nayo. Dawa za borati husaidia kuua kilichobaki kwenye mbao zinazoachwa, lakini huyeyuka kwa mvua, hivyo hazina maana kama sitaha itaendelea kuvuja. Mbao mpya hupangwa ili viungo vya mbao jirani visikutane kwenye boriti moja, ncha zake hupakwa mafuta au rangi kabla ya kufungwa kwa sababu baadaye hakuna atakayezifikia, na misumari huwa ya shaba, ya chuma cha pua au iliyochovywa zinki. Mwisho ni mteremko: sitaha nzima iwe na mwinamo wa kupeleka maji pembeni, na matundu ya kuyatoa nje yawe wazi. Dimbwi linalobaki juu ya sitaha mpya baada ya mvua ni dalili kwamba kazi itarudiwa.

Kuna hatua moja inayopuuzwa kwa haraka ya kurudi majini, nayo ni kuzikausha mbao. Kanuni ya zamani ya mafundi seremala ni mwaka mmoja wa kukausha kwenye hewa kwa kila inchi ya unene. Kwenye joto letu muda huo unaweza kuwa mfupi zaidi, lakini hauwi wiki mbili. Ubao mbichi hunywea baada ya kufungwa, hufungua mishono, na huja na unyevu wake wa kumlisha kuvu tangu siku ya kwanza. Jeshi la Majini la Uingereza lilijifunza hilo kwa gharama kubwa. Meli yake HMS Queen Charlotte ilishushwa majini mwaka 1810 ikiwa imejengwa kwa mbao zisizokaushwa ipasavyo, na ilioza kabla hata ya kuanza kazi. Serikali ililazimika kumwita James Sowerby, bingwa wa elimu ya mimea na uyoga, aende kuchunguza kuvu waliokuwa wameota ndani yake. Meli ile haikuwa na uzee wa kusingiziwa.

Hoja ya kwanza inayopinga haya ni ya fedha, na ni hoja ya kuheshimiwa. Nahodha anayebeba mchanga, boriti au samaki hana akiba ya kuacha chombo mchangani miezi miwili. Kufunika ni kazi ya siku chache, kufumua ni kazi ya wiki. Lakini hesabu hiyo inalinganisha vitu viwili visivyo sawa. Anayefunika hajaokoa gharama ya kufumua, ameiahirisha, na katika muda wa kuahirisha orodha ya vitu vya kubadilisha inakua. Leo ni mbao nne za sitaha. Baada ya masika machache ni mbao kumi na boriti tatu, pamoja na kazi ngumu ya kubandua faiba iliyolipiwa jana. Boriti ni ghali kuliko ubao, na kuibadilisha kunahitaji kufungua ubavu wa chombo. Zaidi ya hayo, kufumua hakulazimiki kufanywa kwa mara moja. Anayepita na nyundo na patasi kila mwaka kabla ya masika atakuta sehemu ndogo, ataikata na kuiziba kwa siku mbili tatu, na chombo chake hakitafika mahali pa kulazwa msimu mzima. Gharama kubwa ya kufumua hutokana na kuchelewa.

Hoja ya pili husema kwamba wazee walipaka sifa tu na majahazi yao yakafika Bombay na kurudi. Ni kweli walipaka sifa, na mafuta hayo ya papa yalikuwa kinga nzuri ya kuufanya ubao usinywe maji na usipasuke juani. Lakini sifa ilikuwa sehemu moja ya utaratibu mzima. Walimwagia sitaha maji ya chumvi. Chombo kilichopandishwa pwani kilifunikwa kwa makuti au mikeka, ambayo huzuia jua na mvua huku ikipitisha upepo. Walipaka mafuta mara kwa mara, na mafuta huacha ubao upumue na kukauka baada ya mvua, tofauti na tabaka gumu la rangi au faiba linalofungia maji ndani. Tena majahazi mengi yalikuwa na sitaha nyuma na pengine mbele tu, huku katikati pakiwa wazi, hivyo hewa ilizunguka ngamani. Anayetaka kuwafuata wazee awafuate katika yote. Kuchukua sifa na kuacha kivuli, upepo na maji ya chumvi si kufuata desturi.

Hoja ya tatu ni ya mbao zenyewe, na ndiyo nzito kuliko zote. Mvule, mbambakofi na mninga ni adimu na ghali, misitu inalindwa, na kwa upande wa Kenya ukataji wa miti kwenye misitu ya umma ulisimamishwa tangu mwaka 2018 hadi 2023. Mtu atauliza: tutafumua tuweke nini? Jibu la kwanza ni kwamba uhaba huo unatetea matengenezo ya mapema. Ubao mmoja uliobadilishwa kwa wakati huokoa kumi, na chombo kilichookolewa huokoa msitu usikatwe ili kujenga kingine. Jibu la pili ni msaji, ambao Watanzania wengi huuita mtiki. Kwa karne nyingi mbao zake zilivushwa kutoka pwani ya Malabar, India, kwa pepo za msimu kwenda kwenye karakana za Ghuba na Oman, na ubora wake hauna ubishi: HMS Trincomalee, iliyojengwa kwa msaji mjini Bombay na kushushwa majini mwaka 1817, ingali inaelea mjini Hartlepool, Uingereza. Leo mti huo unapandwa hapa nyumbani, katika mashamba ya Longuza wilayani Muheza, Mtibwa mkoani Morogoro na bonde la Kilombero. Tahadhari iliyopo ni moja. Kinachostahimili uozo ni kiini cha mti, chenye rangi ya dhahabu iliyoiva. Sehemu nyeupe ya nje huoza kama mbao yoyote laini, na miti michanga ya shambani ina weupe mwingi. Mnunuzi aukatae ubao wenye ukingo mweupe hata ukipunguzwa bei.

Wapo pia wanaoona dawa ni kuachana na mbao. Mwaka 2018 mafundi wa Lamu wakiongozwa na Ali Skanda walishusha FlipFlopi, chombo cha mita tisa kilichojengwa kwa plastiki iliyorejelezwa na kupambwa kwa ndala zilizookotwa, na mwaka uliofuata kilisafiri mpaka Zanzibar. Ni kazi ya kujivunia, na ubao wa plastiki kweli hauozi. Lakini hupinda kirahisi kuliko ubao wa mti, hasa ukipata joto, hivyo anayetaka kuutumia kwenye sitaha ya zamani atahitaji boriti zilizokaribiana zaidi kuliko zilizopo. Wengine hununua boti ya faiba wakiamini wamemaliza habari ya kuoza. Hao ndio wanaohitaji makala haya kuliko wote. Boti nyingi za faiba zina plaiwudi ndani ya sakafu yake na nyuma inapofungwa mashine. Skrubu moja iliyotobolewa bila kuzibwa hupitisha mvua hadi kwenye plaiwudi hiyo, nayo huoza kimya ndani ya ganda linalong'aa. Tiba yake ni ile ile: kata faiba ya juu, toa plaiwudi yote iliyooza, kausha, weka mpya, na ziba kila tundu kwa resini kabla ya kurudisha skrubu.

Lililo zito kuliko fedha ni maisha ya watu. Sitaha inakanyagwa, na pia ni sehemu ya mwili wa chombo: pamoja na boriti zake huzishika mbavu mbili zisifunguke wala kubanana bahari inapochafuka. Vigingi vinavyoshika kamba za tanga na za nanga vimefungwa juu yake. Ubao uliooza chini ya kigingi hautoi taarifa siku ya upepo mwanana. Hung'oka siku ya kusi kali, kamba ikiwa imebeba uzito wote na nahodha akiwa hana pa kukimbilia. Hii ndiyo sababu jambo hili haliwezi kuachwa liwe hiari ya mwenye chombo peke yake. Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC) kwa Tanzania Bara, Mamlaka ya Usafiri Baharini kwa Zanzibar na Mamlaka ya Usafiri wa Baharini ya Kenya zina wajibu wa kukagua vyombo, na ukaguzi wa chombo cha zamani unapaswa kuanza kwa kugonga sitaha na kuichoma kwa patasi, hata kama imepakwa rangi jana. Sitaha iliyomwagiwa faiba juu ya mbao za zamani ifunguliwe mahali kadhaa ionekane kilicho chini, au mwenye chombo aeleze kilibadilishwa nini kabla ya kufunikwa.

Kwa mafundi, wito ni wa heshima ya kazi: mteja akitaka ufunike ubovu, mwambie ukweli, na umwonyeshe kibanzi kinachokatika mkononi mwake. Kwa wenye vyombo, msisubiri mguu uzame. Mwezi wa Februari, kaskazi ikiwa bado inavuma na mbao zikiwa kavu kuliko wakati wowote wa mwaka, ondoeni nyavu na turubai, safisheni matundu ya kutolea maji, gongeni ubao mmoja baada ya mwingine, na popote patakapotoa sauti nzito pafumuliwe kabla tone la kwanza la masika halijaanguka.